Kuunganisha Kompyuta na Kifaa cha Alama za Vidole Mlangoni: Kutoka Kebo Hadi Msimbo

Kifaa kimeshafungwa ukutani. Watu wanaweka vidole, taa ya kijani inawaka, mlango unafunguka. Kisha mwenye ofisi anakuja na maombi mawili. Anataka majina ya wafanyakazi yaingizwe kutoka kwenye kompyuta badala ya kubonyezwa herufi moja moja kwenye kile kioo kidogo, na anataka taarifa ya nani aliingia saa ngapi itoke yenyewe, bila mtu kwenda mlangoni na flashi mkononi. Hapo ndipo maktaba za programu zinapohitajika, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanza vibaya: tunapakua maktaba kwanza, halafu ndipo tunauliza kifaa ni cha aina gani.

Maktaba, kwa kazi hii, ni mkalimani. Kifaa kinatuma na kupokea baiti kwa utaratibu wake, na programu yako inataka kusema "nipe watumiaji wote" au "fungua mlango kwa sekunde tatu". Maktaba inakaa katikati. Haiamui nani aingie. Uamuzi huo hufanyika ndani ya kifaa chenyewe, au ndani ya kidhibiti kilichofichwa juu ya dari, na hapo ndipo ubaki. Andika programu yako ukijua kwamba kebo ya mtandao itachomolewa siku moja, na siku hiyo mlango hautakiwi hata kugundua.

Hatua ya 1: Jua kifaa kinazungumza lugha gani

Tazama nyuma ya kifaa kabla hakijafungwa ukutani, au kifungue taratibu kama kimeshafungwa. Ukikuta tundu la kebo ya mtandao, hicho ni kifaa kinachojitegemea: kina kumbukumbu yake, orodha yake ya watu, na rilei ya kufungulia mlango. Ukikuta nyaya za rangi tu, na karibu na ule wa kijani na ule mweupe pameandikwa D0 na D1, hicho ni kisomaji cha Wiegand. Kompyuta yako haitazungumza nacho kamwe. Itazungumza na kidhibiti ambacho nyaya hizo zinaelekea.

Wiegand ni ya zamani na ni rahisi mno. Waya mmoja ukipiga pigo, hiyo ni sifuri. Mwingine ukipiga, hiyo ni moja. Muundo unaotumika zaidi una biti 26: 8 za msimbo wa eneo, 16 za namba ya kadi, na 2 za kukagua makosa. Kwa hiyo namba ya kadi haiwezi kuzidi 65,535, na kisomaji cha vidole kinapomtambua mtu hutuma namba tu, kama kadi. Hakuna siri yoyote njiani. Anayezifikia nyaya anaweza kuisikiliza namba na kuirudia kesho yake. Mrithi wake ni OSDP, inayopita kwenye nyaya za RS-485, inazungumza pande mbili, na inaweza kuyafunga mazungumzo kwa usimbaji wa AES-128 ili asiyehusika asiyasome. Tangu 2020 imekuwa kiwango cha kimataifa, IEC 60839-11-5. Ukiwa wewe ndiye unayejenga kidhibiti, kuna maktaba huria ya libosdp, iliyoandikwa kwa C na inayotumika pia kwa Python. Kama hujengi kidhibiti, isahau.

Kwa vifaa vyenye mtandao, koo tatu utakazokutana nazo sana ni hizi. Wa kwanza ni ukoo wa ZKTeco, unaosikiliza kwenye poti 4370 (poti ni namba ya tundu la mawasiliano ndani ya mtandao, siyo tundu la kebo). Usidanganywe na jina lililoandikwa usoni, maana vifaa vingi vyenye majina mengine vina ubao uleule ndani. Menyu ikifanana na poti 4370 ikijibu, umeshapata jibu. Wa pili ni Hikvision, ambao vifaa vyao vina njia ya HTTP iitwayo ISAPI, pamoja na maktaba yao wenyewe iitwayo HCNetSDK inayopita poti 8000. Wa tatu ni Suprema, wenye kifurushi chao cha wasanidi na poti 51211.

Kuna na vile visomaji vidogo vya USB vya mezani. Kwenye Linux vinaendeshwa na libfprint, na fprintd ikiwa juu yake. Ni vizuri kwa kufungulia kompyuta. Lakini ukidhani utasajili kidole mezani kwa libfprint kisha ukitume kwenye kifaa cha ukutani, subiri kidogo. Tutalifikia hilo kwenye violezo.

Hatua ya 2: Panga mtandao kabla ya kugusa msimbo

Kipe kifaa anwani ya IP isiyobadilika. Vya ukoo wa ZKTeco hutoka kiwandani na 192.168.1.201, kwa hiyo ukiunganisha viwili vipya kwa mpigo, vitagombana. Kiwashe kimoja, kibadilishie anwani, ndipo uwashe cha pili. Kwenye kompyuta, jaribu mambo mawili kwa mfuatano huu:

```
ping 192.168.1.201
nc -vz 192.168.1.201 4370
```

La kwanza likifaulu na la pili likishindwa, usiseme bado kwamba kifaa kibovu. Zipo njia mbili za kutuma data mtandaoni, TCP na UDP. Vya zamani katika ukoo huu husikiliza UDP peke yake, na `nc` kama ilivyo hapo juu hujaribu TCP. Maktaba ya pyzk, tutakayoifikia hatua ya 3, ina kigezo `force_udp=True` kwa ajili hiyo hasa.

Sasa ingia kwenye menyu ya mawasiliano utafute ufunguo wa mawasiliano. Ni namba, na kiwandani huwa 0, yaani hakuna. Ibadilishe leo. Baadaye utaona kwamba amri ya kufungua mlango kutoka kwenye kompyuta haihitaji kidole cha mtu yeyote. Inahitaji kufika kwenye poti ile na kuujua ufunguo ule tu. Mtu aliyekaa mapokezi na laptopu iliyounganishwa kwenye mtandao wa wageni anaweza kuufungua mlango wa chumba cha seva, na rekodi isionyeshe jina lake. Kwa sababu hiyo vifaa vya milango vikae kwenye mtandao wao peke yao, na kompyuta moja tu, ile inayoendesha programu yako, iruhusiwe kuvifikia. Kuifungua poti 4370 kwenye ruta ili "tuone kutoka nyumbani" ni kuuacha mlango wazi kwa dunia nzima. Mwaka 2024 watafiti wa Kaspersky walitangaza udhaifu 24 katika kifaa kimoja cha ZKTeco, na kati ya huo upo wa kumruhusu mtu apite kwa kuonyesha msimbo wa QR uliotengenezwa kwa hila. Sasisha programu ya ndani ya kifaa, na usikiamini kwamba kitajilinda chenyewe.

Hatua ya 3: Chagua maktaba

Kwa ukoo wa ZKTeco una njia tatu, na kila moja ina tabia zake.

Ya kwanza ni zkemkeeper.dll, maktaba ya mtengenezaji mwenyewe. Ni ya Windows na inatumia COM, teknolojia ya Windows ya programu moja kutumia vipande vya nyingine, kwa hiyo ni lazima isajiliwe kwanza kwa regsvr32. Hapa watu hupoteza siku nzima. Ukiwa na toleo la biti 32 kwenye Windows ya biti 64, nakili faili zote za kifurushi (siyo ile moja tu) kwenye folda ya SysWOW64 na utumie regsvr32 iliyomo humo humo. Ndiyo, folda yenye 64 kwenye jina ndiyo yenye vitu vya biti 32, na System32 ndiyo yenye vya biti 64. Sikuitunga mimi. Kisha mradi wako uujenge kwa x86, yaani biti 32. Kosa la 0x80040154 linamaanisha kitu kimoja: programu inalitafuta darasa la COM na halioni, mara nyingi kwa kuwa upande mmoja ni biti 32 na mwingine 64.

Maktaba hii ina kila kitu: `Connect_Net` ya kuunganisha, `SSR_GetGeneralLogData` ya kusoma rekodi, `ACUnlock` ya kufungua mlango, na matukio ya papo kwa papo baada ya kuita `RegEvent(1, 65535)`. Matukio hayo lakini yanahitaji uzi wa aina ya STA (uzi ambao COM huufikishia kazi moja baada ya nyingine) wenye kitanzi cha kupokea ujumbe. Kwenye programu yenye dirisha hutaona tatizo lolote. Ukihamishia msimbo uleule kwenye huduma ya Windows inayokimbia chinichini, kimya kinatanda: hakuna kosa wala tukio. Ukifika hapo, usijilaumu. Tengeneza uzi wa STA kwa mkono au achana na matukio, usome rekodi kila baada ya dakika kadhaa.

Ya pili ni pyzk, maktaba huria ya Python iliyojengwa na watu walioichambua itifaki ya poti 4370. Inakimbia Linux, Windows, hata kwenye Raspberry Pi, na haihitaji kusajili chochote. Kwa Node.js ipo node-zklib. Ndiyo njia ninayoanza nayo karibu kila mara, na mifano ya hapa chini ni ya pyzk. Bei yake ni kwamba hakuna wa kumpigia simu. Programu ya ndani ya kifaa ikibadilika na kitu kikavunjika, ni wewe na msimbo wa chanzo.

Ya tatu hata haihitaji maktaba: kifaa chenyewe ndicho kinachoipigia seva yako. Itafute kwenye menyu kwa jina ADMS au seva ya mbali. Nitaieleza mbele, kwa sababu kwa ofisi zenye matawi ndiyo inayofaa kuliko zote.

Kwa Hikvision, kama unachohitaji ni watu, rekodi na kufungua mlango, ISAPI inatosha, nami siioni sababu ya kubeba HCNetSDK na mafaili yake yote. Ni HTTP ya kawaida yenye uthibitisho wa aina ya Digest. Jaribio la kwanza ni hili:

```
curl --digest -u mtumiaji:nenosiri http://192.168.1.64/ISAPI/System/deviceInfo
```

Ukipata XML yenye aina na namba ya kifaa, umeingia. Rekodi za mlango zinaombwa kwa POST kwenye `/ISAPI/AccessControl/AcsEvent?format=json`, nazo huja kwa mafungu. Jibu likiwa na neno MORE, omba fungu linalofuata. Nimeona programu zilizosoma fungu la kwanza tu kwa miezi, na mwenye ofisi akidhani watu wanachelewa kazini.

Hatua ya 4: Soma tu, usiandike

Siku ya kwanza usibadilishe chochote ndani ya kifaa. Sakinisha kwa `pip install pyzk`, kisha:

```python
from zk import ZK

kifaa = ZK('192.168.1.201', port=4370, timeout=5, password=0)
muunganisho = None
try:
    muunganisho = kifaa.connect()
    print(muunganisho.get_serialnumber())
    print(muunganisho.get_firmware_version())
    print(muunganisho.get_time())
    for mtu in muunganisho.get_users():
        print(mtu.uid, mtu.user_id, mtu.name)
finally:
    if muunganisho:
        muunganisho.disconnect()
```

Kwenye `password` weka namba ya ufunguo uliouweka hatua ya 2. Kama mtandao wako unazuia ping, maktaba itakataa kuunganisha hata poti ikiwa wazi, maana hupiga ping kwanza. Kigezo cha kuizuia kinaitwa `ommit_ping`, na m mbili. Ukiandika kwa usahihi wa Kiingereza, itakupa kosa.

Utaona mifano mingi inayoita `disable_device()` baada ya kuunganisha na `enable_device()` mwishoni. Lengo ni kukizuia kifaa kisipokee vidole wakati data inasomwa. Ni busara pale unapoandika watumiaji wengi, lakini fahamu unachofanya: kati ya amri hizo mbili, hakuna anayeingia. Mimi niliwahi kuisimamisha programu katikati, kati ya amri hizo mbili kabisa, ili nichunguze thamani ya kigezo kimoja. Simu ikaita, nikatoka kuipokea. Niliporudi kulikuwa na foleni nje ya mlango, na mlinzi anagonga kifaa kwa kiganja. Tangu siku hiyo `enable_device()` yangu hukaa ndani ya `finally`, na kwa kusoma tu siiti `disable_device()` hata kidogo.

Hatua ya 5: Watu na vidole vyao

Kila mtumiaji ana namba mbili na ni lazima usizichanganye. `uid` ni nafasi yake ndani ya kumbukumbu ya kifaa. `user_id` ndiyo namba inayoonekana kwenye kioo na kwenye rekodi. Mtu mmoja anaweza kuwa na `uid` 7 kwenye mlango wa mbele na 31 kwenye mlango wa nyuma, huku `user_id` yake ikiwa ileile. Kwenye hifadhidata yako, funga kila kitu na `user_id`. Aliyefunga na `uid` ataligundua kosa siku kifaa cha pili kitakapoongezwa, na kufikia hapo ripoti za watu wawili zitakuwa zimeshaingiliana.

Majina nayo yana mpaka. Muundo wa zamani wa rekodi ya mtumiaji una baiti 8 tu za jina, mpya una 24. Mwanahamisi kwenye kifaa cha zamani atakuwa Mwanaham. Acha jina kamili likae kwenye hifadhidata yako, la kwenye kifaa liwe la kusalimia tu.

Sasa violezo. Kifaa hakihifadhi picha ya kidole ili kuilinganisha. Huchora ramani ya mahali mistari ya kidole inapoishia na inapogawanyika, na ramani hiyo ndiyo kiolezo. Kila mtu ana nafasi za vidole kumi, kuanzia 0 hadi 9. Kwa pyzk unaweza kuvisoma kwa `get_templates()` na kuvihamishia kifaa kingine kwa `save_user_template()`, ili mtu asajiliwe mlango mmoja na atambulike kwenye yote. Kazi nzuri, ila kwa sharti moja: vifaa vyote viwili vitumie toleo moja la algorithimu. Kiolezo cha ZKFinger 10.0 hakisomeki kwenye kifaa cha 9.0. Na kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine usijaribu kabisa. Kuna kiwango cha kubadilishana violezo, ISO/IEC 19794-2, lakini kinasaidia pale tu vifaa vya pande zote mbili vinapokikubali. Ndiyo maana kile kidole cha libfprint hakitaingia ukutani.

Ukihitaji kulinganisha vidole mwenyewe kwenye seva, SourceAFIS ni maktaba huria ya Java na .NET inayofanya hivyo vizuri. Jiulize tu kama unahitaji kweli. Uamuzi wa mlango ukihamia kwenye seva, seva ikizima na mlango umezima.

Hatua ya 6: Rekodi bila kupotea wala kurudiwa

`get_attendance()` inaleta rekodi zote zilizomo, tangu ya kwanza kabisa. Haikuletei mpya peke yake. Kwa hiyo hifadhidata yako iwe na ufunguo wa kipekee wa vitu vitatu: namba ya kifaa, `user_id` na wakati. Rekodi ikija mara ya pili, ikataliwe kimya kimya. Ukiwa na kinga hiyo unaweza kusoma mara mia kwa siku bila hofu.

Kumbukumbu ya kifaa ikikaribia kujaa, ipo `clear_attendance()`. Hii inafuta zote na hairudishi. Usiiweke kwenye programu inayokimbia yenyewe. Soma, hesabu, linganisha idadi na iliyoko kwenye hifadhidata, chukua nakala, ndipo mtu, si programu, abonyeze.

Saa ndiyo mtego mwingine. Kifaa huandika wakati bila kutaja ukanda wa saa, na saa yake huchelewa au kuwahi taratibu. Itengeneze kwa `set_time()` mara moja kwa siku, usiku, siyo wakati watu wanaingia. Ukiirudisha nyuma dakika mbili saa mbili asubuhi, mtu atatoka kabla ya kuingia. Itifaki ya ukoo huu huhesabu muda kuanzia 2000, hivyo ukiona rekodi za mwaka huo, saa imerudi mwanzo na betri yake ndogo imekwisha.

Hatua ya 7: Matukio ya papo kwa papo na kufungua mlango

```python
for tukio in muunganisho.live_capture():
    if tukio is None:
        continue
    hifadhi(namba_ya_kifaa, tukio.user_id, tukio.timestamp)
```

Kila sekunde kumi bila tukio, kitanzi kinarudisha `None`, na ni pumzi ya kukagua kama unapaswa kusimama. Muunganisho utakatika, hilo ni hakika. Zungushia kitanzi kingine kinachounganisha upya baada ya kusubiri, na kila kinapofanikiwa kisome kwanza `get_attendance()` ili kiokote yaliyotokea wakati hakipo. Matukio ya papo kwa papo ni ya kuonyesha kwenye skrini. Ukweli uko kwenye rekodi. Na usiendeshe programu mbili kwenye kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Hunyang'anyana muunganisho, na utamlaumu fundi wa mtandao bure.

Kufungua mlango ni mstari mmoja, `muunganisho.unlock(time=3)`. Uzungushie uzio: amua nani ameruhusiwa kuubonyeza, na kila ukibonyezwa jina lake liandikwe kwenye hifadhidata yako pamoja na saa, kwa sababu kifaa hakimjui aliyekaa kwenye kompyuta.

Kwa matawi ya mbali, rudi kwenye ADMS. Unakiandikia kifaa anwani ya seva yako, kisha kinaanza kupiga hodi kwa HTTP. Kinajitambulisha kwa GET kwenye `/iclock/cdata` na namba yake. Kikiwa na rekodi, kinazituma kwa POST kwenye anwani hiyohiyo na `table=ATTLOG`, kila rekodi mstari wake, sehemu zikitenganishwa kwa tabu. Seva ikijibu OK, kinaendelea. Isipojibu hivyo, kinatunza na kujaribu tena. Kila baada ya muda mfupi kinauliza `/iclock/getrequest` kama kuna amri, na kikimaliza kuitekeleza kinarudisha majibu kwenye `/iclock/devicecmd`. Seva ya namna hii unaweza kuiandika kwa mchana mmoja katika lugha yoyote ya wavuti, na hakuna poti inayofunguliwa upande wa tawi. Kama kifaa chako kinatuma HTTP isiyosimbwa, kipitishe kwenye VPN, njia iliyosimbwa kati ya tawi na seva.

Hatua ya 8: Mambo ya nyaya ambayo programu italaumiwa kwayo

Niliwahi kuhangaika siku mbili na muunganisho uliokatika kila mlango ulipofunguka. Nikaongeza muda wa kusubiri, nikabadilisha TCP kuwa UDP, nikaandika upya kitanzi chote. Kumbe kufuli ya sumaku ilikuwa inachukua umeme kwenye chanzo kimoja na kifaa, na kila ilipozimwa, koili yake ilirudisha pigo la umeme lililokiwasha kifaa upya. Diodi moja ya 1N4007 juu ya kufuli, mstari wake ukielekea upande wa chanya, na chanzo cha pili cha umeme kwa ajili ya kufuli, tatizo likaisha. Kwa hiyo kifaa kikijiwasha upya mlango unapofunguka, weka laptopu chini na ushike bisibisi.

Halafu tazama nyaya mbili za rilei zinapotokea. Kama zinatoka kwenye kifaa kilicho nje ya mlango, mtu anayeking'oa ukutani na kuzigusisha amefungua bila kidole wala msimbo. Kwa mlango wenye thamani, rilei iwe upande wa ndani, kwenye kidhibiti au kwenye ubao wa rilei wenye mawasiliano ya siri na kifaa.

Kufuli ya sumaku hufunguka umeme ukikatika. Baadhi ya vitasa vya umeme hubaki vimefungwa. Ujue mlango wako ni upi, na kitufe cha kutokea kikate umeme wa kufuli moja kwa moja bila kupita kwenye programu yako. Moto haungoji seva ijibu.

Hatua ya 9: Violezo ni vya watu, siyo vyako

Nenosiri likivuja linabadilishwa. Kidole hakibadilishwi. Mwaka 2019 watafiti walikuta hifadhidata ya BioStar 2, mfumo wa milango wa Suprema, iko wazi mtandaoni, ikiwa na zaidi ya rekodi milioni 27.8, na humo data za vidole vya watu zaidi ya milioni moja. Ukiweza kuishi bila kuvitoa violezo kwenye kifaa, ishi hivyo. Ukilazimika, visimbe kabla ya kuvihifadhi, ufunguo ukae mashine nyingine, na mtu akiacha kazi mfute kwenye kila mlango siku hiyohiyo; kwa pyzk ni `delete_user()`. Uwepo pia mlango wa kadi au namba kwa ambao vidole vyao havisomeki, na kwa wasiotaka kuvitoa.

Hatua ya 10: Jaribu kabla ya kukabidhi

Chomoa kebo ya mtandao kwenye kifaa. Weka kidole: mlango ufunguke. Waite watu watatu wengine waingie, mmoja wao aingie mara mbili. Kisha zima kompyuta yenye programu kwa kuchomoa umeme, siyo kwa utaratibu, uiwashe, urudishe kebo. Ndani ya dakika chache hifadhidata ionyeshe rekodi tano, siyo nne wala kumi, kila moja na saa yake sahihi. Zikitimia, toa namba ya siri ya msimamizi kwa mwenye ofisi, iandikwe mahali salama, na ufute ile uliyokuwa ukiitumia wewe.